Pacha Hana Miguu

"Sawa, mwanangu. Mimi sina neno. Wewe umekula?"

Apendeki Wilondja aliondoa mkono wake mezani upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Sauti iliyotoka ukutani ilikuwa ya Shangazi Feza, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kila sentensi. Lakini Shangazi Feza mwenyewe muda huo alikuwa nyumbani kwake Mtaa wa Kusini, pengine anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Aliyejibu ni pacha wake, na pacha yule hakuwa na mwili. Alikaa ndani ya mashine, kwenye chumba cha ukaguzi chini ya mahakama ya Kaunti ya Ardley, chumba chenye baridi ya duka la nyama.

Apendeki alimuuliza pacha tena, safari hii taratibu, neno kwa neno. Je, Shangazi anakubali Ibara ya Kukana ifutwe kwenye Katiba?

"Nimeshasema sawa, mwanangu. Hayo ni mambo ya wakubwa. Utakuja lini kunitembelea?"

Apendeki akazima mashine. Alikuwa mwanamke mwenye shaka kwa tabia. Hata chenji ya dukani aliihesabu mara mbili. Na siku hiyo machale yalimcheza kuliko siku zote.

Zama hizo Wamarekani walikuwa wameacha kupanga foleni za kura. Kila nyumba ilikuwa na sikio, kidude kidogo cha duara juu ya mlango wa sebule, na sikio lile lilimsikiliza mtu tangu utoto wake, au tangu alipohamia: anavyoomba, anavyogomba, anavyokubali na anavyokataa. Kutokana na maneno hayo ndipo pacha alipofinyangwa. Mswada ukifika bungeni, mapacha waliulizwa, nao wakajibu kabla chai haijapoa. Maneno "Sisi Wananchi" yalikuwa bado yamechongwa juu ya mlango wa mahakama, maana Katiba ya jimbo, kama ile kubwa ya nchi nzima, ilianza kwa maneno hayo. Tatizo ni kwamba siku hizi aliyeitika akiitwa kwa jina hilo alikuwa pacha.

Waliobuni mpango huo hawakuwa wajinga, wala tusiwaonee. Waliacha mlango mmoja wazi. Raia wawili wa kaunti wakisimama mbele ya jaji, kila mmoja kwa kinywa chake, wakamkana pacha wake, basi mapacha wa kaunti nzima wananyamazishwa na watu wanaulizwa mmoja mmoja, uso kwa uso. Barua haikubaliwi. Wakili hakubaliwi. Mjumbe hakubaliwi. Hiyo ndiyo Ibara ya Kukana, na hapo Ardley haikuwa imetumiwa hata siku moja.

Kwa sababu hiyo Gavana alitaka ifutwe. Mlango asioupita mtu wa nini, alisema. Bunge likawauliza mapacha, mapacha wakakubali. Gavana akawauliza mapacha, wale wale, nao wakakubali tena. Wazee walioandika Katiba waliigawa dola mihimili mitatu makusudi, ili kila mmoja uushike mwingine ukosi. Sasa mihimili miwili ilikuwa inasikia kwa sikio moja. Ilibaki mahakama. Kila kaunti ilitakiwa kuwa na mkaguzi wa kuthibitisha kwamba mapacha wamesema yaliyo mioyoni mwa watu wao, na Ardley mkaguzi huyo alikuwa Apendeki. Jaji Halvorsen alimteua yeye mwenyewe. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia anamwamini. Muda ulikuwa mfupi mno kwa kazi ile, lakini Apendeki alijibu, "Sawa, Mheshimiwa."

Kilichomtia shaka ni hiki. Kwingine kote kaunti ile mapacha waligawanyika, wengine ndiyo, wengine hapana, kama watu wanavyogawanyika. Mtaa wa Kusini peke yake, mtaa wa watu waliotoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika enzi za vita, mapacha wote walisema ndiyo, na ndiyo zao ndizo zilizouelemeza mzani wa kaunti upande wa ndiyo. Hakupatikana hata mmoja wa kukataa. Apendeki alizaliwa mtaa huo. Aliwajua. Watu wale hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mboga.

*

Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na mawazo yake yakaenda moja kwa moja kwa Mzee Asukulu.

Asukulu alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa miaka mingi alikuwa pia fundi wa masikio. Yeye ndiye aliyeyafunga milangoni, yeye ndiye aliyeyatengeneza yalipoharibika. Mtu wa kuingia kila sebule akiwa na bisibisi mkononi, kama kuna mtu angeweza kupenyeza kitu, ni yeye.

Lakini Apendeki alianza na mashine. Kila jibu la pacha lina mizizi yake, yaani mazungumzo halisi lilikoota, na mkaguzi anaweza kuifuata mizizi hiyo na kuisikiliza. Akaifuata ya Shangazi Feza. Akamsikia anamkubalia mchungaji kupika chakula cha harusi ya watu asiowajua. Akamsikia anamkubalia jirani aliyekuja kuazima sufuria kubwa, na muuza bima, na mwanamke wa shirika fulani aliyetaka kumpiga picha. Ndiyo, sawa, hakuna shida, karibu. Sauti ilikuwa yake kweli, siku zilikuwa za kweli, na hapakuwa na mshono popote. Akafuata mizizi ya Baba Etabo, fundi wa kuchomelea vyuma, akakuta hivyo hivyo. Akafuata ya wengine mpaka shingo ikamuuma.

Jambo hilo halikumtuliza hata kidogo. Mwizi anayeacha nyayo unaweza kumfuata. Yule asiyeacha ndiye wa kuogopwa.

Alimkuta Asukulu kwenye karakana yake, amezungukwa na masikio mabovu, anabandua maganda ya karanga. Apendeki akamweleza alichokuja kutafuta, bila kuzunguka mbuyu. Mzee hakukasirika. Alimsogezea bakuli la karanga, akamwambia apekue anapotaka, droo zote ziko wazi, na akimaliza amfagilie maganda.

Akapekua. Hakupata kitu.

"Mashine haina uongo, mtoto wa Wilondja," Asukulu akamwambia alipokuwa anafunga droo ya mwisho. "Waliyoyasema ndiyo yaliyomo. Ukitaka zaidi, kawaulize wenyewe. Ila ukienda, nenda vizuri."

Apendeki alitoka pale na shaka maradufu. Mtu asiye na hatia hukasirika walau kidogo, alifikiri. Na lile neno la kwenda vizuri lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Alikwenda, tena kwa utaratibu wote wa kazi: koti la ukaguzi, beji ya mahakama kifuani, na kinasa sauti ambacho sheria ilimtaka akionyeshe kabla ya kuuliza.

Kila nyumba ilimpokea kwa heshima iliyomtisha. Baba Etabo alizima moto wa kuchomelea, akanawa mikono, akamkaribisha kiti kabla ya salamu. Apendeki alipouliza swali lake, mzee akatazama beji, akasema kama Jaji amemtuma, basi wao ni nani, ni sawa tu. Nyumba ya pili walisema sawa. Nyumba ya tatu walisema sawa na wakamwekea soda. Alijaribu kuuliza kwa kugeuza swali, akajaribu kuwaeleza kwamba ibara hii ikifutwa hakuna tena njia ya raia kumkana pacha wake, kwamba siku nyingine pacha akikubali nyumba zao zivunjwe, itakuwa wamekubali wao. Walimsikiliza kwa makini, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakasema sawa.

Kwa Shangazi Feza alifika mwisho. Shangazi huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, akampiga, akamsuka, akamfundisha kusonga ugali. Leo alimkalisha kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa, kochi ambalo Apendeki utotoni alichapwa kwa kulikalia.

"Shangazi, unakubali kwa moyo wako?"

Kikohozi kidogo. "Sawa, mwanangu. Mimi sina neno. Wewe umekula?"

Yalikuwa maneno yale yale ya ukutani. Apendeki akala alichowekewa bila kuonja ladha, akaaga, na njiani akawa anatazama nyuma. Watu hawa wametishwa, alijiambia. Au wamefundishwa. Mtu mzima na kivuli chake hawawezi kusema kitu kimoja kwa pumzi moja, kuna namna. Alipofika kwake akachunguza sikio lililokuwa juu ya mlango wake mwenyewe, akalifunika kwa kitambaa, kisha akaona aibu akakiondoa.

*

Kesho yake, maji ya chai hayajachemka, alisikia hodi.

Alikuwa Mama Mwangaza, jirani wa Baba Etabo, na mkononi alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Alisema Baba Etabo anamsalimu, na lile neno la jana amelifikiria. Akamkabidhi sahani, akakataa kuingia, akaondoka.

Apendeki aliiweka mezani. Ilikuwa sombe na samaki mkavu. Hajakaa sawasawa, hodi nyingine: mtu wa nyumba ya saba ameleta sahani ya nyumba ya pili, na neno la jana wamelifikiria. Halafu nyingine. Halafu Baba Etabo mwenyewe, amevaa shati safi, anatembea kwa uangalifu asimwage, akiwa na sahani ya Shangazi Feza.

"Shangazi yako anakusalimu," alisema. "Lile neno la jana amelifikiria."

Mezani palipojaa, Apendeki akaanza kupanga sahani sakafuni, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Akacheka peke yake kama mwehu. Kisha akakaa chini katikati ya mboga zile na hakucheka tena.

Aliwezaje kusahau? Mtaa wa Kusini hakuna mtu anayemwambia mgeni hapana usoni. Ni kumtukana, ni kumfukuza na njaa yake. Mgeni akija na neno lake anakubaliwa, anakalishwa, analishwa, anasindikizwa. Kesho yake, kama neno lile halikubaliki, anatumwa mtu wa nyumba nyingine na sahani iliyofunikwa, kusema tu kwamba limefikiriwa. Sahani isipokuja, ujue ndiyo ilikuwa ndiyo. Ikija, umekataliwa, na umekataliwa umeshiba. Hivyo ndivyo baba yake alivyomkataa mchumba wa kwanza wa dada yake, na yule kijana alirudisha sahani imeoshwa, urafiki ukabaki. Apendeki alikuwa ameishi miaka mingi upande wa pili wa mji, ambako watu wanakataa kabla hujamaliza sentensi, na desturi ya kwao ilikuwa imemtoka kichwani. Alikwenda na beji, akapokelewa kama mgeni. Ndiyo maana ya lile kochi.

Sasa aliona mashine ilivyokosea bila kudanganya. Sikio la sebuleni lilisikia kila ndiyo, maana ndiyo ilisemwa na mwenyewe, ndani, kwa sauti yake. Hapana ilitoka nje kwa miguu. Ilisemwa mlangoni kwa mwingine, na mtu asiyehusika, na neno linalotoka kinywani mwa mwingine mashine huliandika kuwa si lako. Mwaka baada ya mwaka, pacha wa Mtaa wa Kusini alifunzwa nusu ya adabu yao, ile nusu ya kukubali. Hakuwa na jirani wa kumtuma wala sahani ya kumpa. Pacha hana miguu.

Basi wote walikuwa wamekataa. Apendeki alikuwa na hapana za mtaa mzima sakafuni mwake, zinanukia mawese, na mbele ya sheria hazikuwa na thamani hata ya ndururu, kwa kuwa sheria ilitaka kinywa cha mwenyewe.

*

Alirudi kwa Shangazi Feza siku ile ile. Alivua koti, akaacha beji nyumbani, akaingia kwa mlango wa nyuma na kukaa kwenye kigoda cha jikoni, akaanza kuchambua majani bila kuambiwa. Shangazi alimtazama, akaguna kidogo kwa furaha.

Walizungumza muda mrefu. Apendeki alimwambia kwamba sahani imefika, na kwamba ilikuwa tamu, lakini mahakamani haiingii. Wanahitajika raia wawili wa kusimama kesho mbele ya Jaji na kusema hapana wenyewe. Wakikosekana, yeye atatakiwa kutia sahihi, na mlango ukishafungwa hautafunguliwa tena, maana wa kuufungua watakuwa mapacha.

Shangazi alikoroga sufuria, akasema lile ni jambo gumu. Jaji Halvorsen ndiye aliyemwapisha uraia. Siku hiyo alikuwa na kilemba cha kuazima, na kiatu kimoja kinambana, na mzungu yule, bado kijana, akampa bendera ndogo kwa mikono miwili kama anampa mtoto. Mtu aliyekufungulia nyumba yake, unaanzaje kumkatalia mbele ya watu?

"Shangazi, siyo nyumba yake," Apendeki alisema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulishapewa zamani. Tumelima hapa, tumezikana hapa. Yeye ndiye tuliyempa kazi."

Shangazi aliendelea kukoroga mpaka mboga ikaiva. Kisha akakohoa kidogo.

"Sawa, mwanangu. Nitakuja."

Apendeki aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa ameomba ndiyo, akapewa ndiyo, na sasa hakujua la kuifanyia.

Alipita mahakamani kabla milango haijafungwa. Kuna jambo lilikuwa linamkereketa tangu asubuhi. Kama mashine haikuchezewa, na Asukulu hakuiba kitu, mbona bado ananusa harufu ya mtu? Mkaguzi hukagua mapacha wa wenzake. Wa kwake haji hata kumfikiria. Apendeki akalitaja jina lake mwenyewe, na ukuta ukaitika kwa sauti yake.

Alimuuliza pacha wake alisemaje kuhusu Ibara ya Kukana. Pacha akajibu kwamba alikubali, hakuwa na neno. Apendeki akauliza swali la pili: je, kesho atatia sahihi?

"Nilishalijibu hilo," pacha alisema. "Nilisema sawa."

"Nani alikuuliza?"

"Ofisi ya Jaji. Kabla hujapewa kazi."

Apendeki akazima mashine. Hakuna aliyechezea mashine kwa sababu hapakuwa na haja. Watu wa Jaji walipita kwa mapacha wa wakaguzi wakitafuta asiyekataa, wakampata, wakamshika mkono kwa mikono miwili. Aliona hasira, na chini ya hasira aliona aibu, maana pacha hakumsingizia. Tangu aajiriwe alikuwa hajamwambia mkubwa yeyote hapana. Na hakuwa na hata desturi ya kutuma sahani. Yeye alikubali tu, basi.

Alikaa akaandika taarifa. Kwanza aliandika kwamba Asukulu alichezea masikio. Ilikuwa rahisi, nusu ya kaunti ingeamini kwa furaha, na ibara ingepona. Alipoisoma aliona uso wa mzee na bakuli lake la karanga, akaifuta. Kisha akaandika kwamba anawajua watu wake, wakisema ndiyo wanamaanisha hapana. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyompa shida kubwa. Kuna tofauti gani kati yake na mashine, kama naye atasimama kuwasemea watu mahakamani kwa kuwa anawajua? Atakuwa pacha mwenye miguu, basi. Na kesho kutwa mkaguzi mwingine, asiyewapenda, atasimama pale pale na kusema naye anawajua.

Akafuta na hiyo. Akaenda nyumbani na karatasi tupu.

*

Asubuhi ya kusikilizwa kwa shauri alijiandaa huku akiusikiliza mlango, akiogopa hodi. Sahani ya Shangazi ingefika wakati wowote kumwambia lile neno la jikoni limefikiriwa. Akatoka mapema kuliko ilivyohitajika, kabla mtu hajaileta.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa Mtaa wa Kusini walikaa nyuma kabisa, kama kawaida yao, wamevaa za Jumapili. Asukulu alikuwepo. Baba Etabo alikuwepo. Shangazi Feza hakumwona.

Jaji Halvorsen alizeeka vizuri, mpole, sauti ya kubembeleza watoto. Alimshukuru Apendeki kwa kazi aliyoifanya kwa muda mfupi, akasema hati iko tayari, inangoja sahihi tu. Karani akaisogeza pamoja na kalamu. Kule juu ya kiti cha Jaji taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, kuonyesha kwamba mashine inasikiliza.

Apendeki aliitazama ile kalamu. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema.

Jaji alitabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. Akauliza kama amekuta kasoro kwenye mapacha. Apendeki akasema hakukuta. Akauliza kama ana ushahidi kwamba watu wametishwa. Akasema hana.

"Basi unadai unajua mioyo ya watu kuliko wao wenyewe walivyosema?"

"Ya watu siijui. Najua wangu. Pacha wangu alikubali ibara ifutwe, na alikubali kwamba leo nitatia sahihi. Mimi, Apendeki Wilondja, raia wa kaunti hii, namkana kwa yote mawili."

Taa ya kijani ikageuka njano. Hakuna mtu pale aliyewahi kuiona ikibadilika. Tabasamu la Jaji likaondoka taratibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia ukumbini.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, Mheshimiwa. Nimekuja mwenyewe."

Kule nyuma, mtu fulani alishusha pumzi. Watu wa Mtaa wa Kusini waliielewa vizuri jeuri ya maneno hayo, na waliielewa gharama yake.

Jaji alikohoa, akasoma ibara kwa sauti, kama alivyolazimika. Mmoja hatoshi. Akauliza kama yupo raia wa pili. Alitazama ukumbi, na watu wa Mtaa wa Kusini, kwa adabu zao, wakatazama viatu. Apendeki alimwona Baba Etabo anainuka nusu, anakaa tena. Jaji akanyoosha mkono kuchukua nyundo yake, na Apendeki akaisukuma kalamu mbali, maana kilichobaki hakikuwa chake tena.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Shangazi Feza aliingia amevaa kilemba kikubwa cha njano, anahema kwa ngazi, na mikononi mwake alikuwa na sahani iliyofunikwa.

Apendeki alifumba macho. Sahani. Amekuja kuileta mwenyewe.

Lakini Shangazi hakumpa yeye. Alipita katikati ya ukumbi bila haraka, akampita karani, akaiweka sahani juu ya meza ya Jaji, mbele ya ile hati, akafunua kitambaa. Mvuke ukapanda.

"Mheshimiwa, umekula?" aliuliza, na mkalimani wa mahakama akatafsiri huku anashangaa.

Jaji alisema bado, asante, lakini huu si wakati wake.

"Kula kwanza. Hapa ni kwetu, mgeni halali njaa." Akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri naye. Mwisho mzee yule, asijue afanye nini kingine, akachukua kijiko, akaonja kidogo, akameza.

Shangazi Feza akaridhika. Akarekebisha kilemba chake, akakohoa kile kikohozi kidogo, akamtazama Jaji machoni.

"Vizuri," alisema. "Sasa mimi, Feza binti Mlondani, nakataa."

Taa ikawa nyekundu, mapacha wa Ardley wakanyamaza, na kule nyuma watu wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakitafuta pa kupanga foleni.